Kunyoosha magurudumu ya gari dogo la zamani nyumbani

Dereva anayetoka Bugarama kuelekea Bujumbura kwa barabara ya taifa nambari 1 huteremka zaidi ya mita 1,000 katika safari isiyofika kilomita 50. Katika mteremko huo uzito wa gari huegemea mbele, breki hupata moto, na kona hufuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumzisha mikono. Ikiwa tairi moja la mbele limelika upande wa ndani hadi nyaya zinaanza kuonekana, dereva aliyeketi ndani ya gari hawezi kuliona. Macho yake huona upande wa nje tu, na upande huo mara nyingi bado una meno mazuri.

Sababu ya kawaida ya tairi kulika namna hiyo ni magurudumu kutoelekea mbele kwa usawa. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa huita kazi ya kuyarekebisha paralelisimu, na wenzao wa Dar es Salaam na Nairobi huiita alaimenti. Katika mtaa wa Buyenzi, ambao ni makazi ya kale ya Waswahili wa Bujumbura na pia mtaa wa mafundi magari, majina yote mawili hueleweka. Kazi yenyewe siku hizi hufanywa kwa mashine za mwanga na kompyuta. Hata hivyo, kwa gari dogo la zamani, sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa uani kwa uzi, rula na subira, na matokeo yake yakawa ya kuaminika. Sharti ni mwenye gari ajue anachopima, na ajue mahali pa kuachia.

Makala haya yanatumia mfano wa Toyota Starlet ya miaka ya 1990, gari ambalo uundaji wake ulikoma mwaka 1999 na ambalo bado linatembea katika miji yetu. Injini yake iko mbele na huzungusha magurudumu ya mbele. Ekseli ya nyuma ni kipande kimoja kisichokuwa na marekebisho. Kwa hiyo kinachorekebishwa ni kitu kimoja tu, nacho ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya mbele. Unyenyekevu huo wa muundo ndio unaoifanya kazi iwezekane nyumbani. Magari mapya yenye usukani wa umeme na vipimo vya elektroniki vya pembe ya usukani huhitaji kufundishwa upya kwa kompyuta baada ya marekebisho, na hayamo katika maelezo haya.

Magurudumu yanapobana au kuachana

Ukilitazama gari kutoka juu, kama ndege aonavyo, magurudumu mawili ya mbele yanaweza kukaa kwa namna tatu. Yanaweza kuwa sambamba kabisa. Yanaweza kukaribiana upande wa mbele kama miguu ya mtu anayetembea vidole vikiwa ndani. Au yanaweza kuachana upande wa mbele kama miguu ya bata. Hali ya pili tutaiita kubana, na ya tatu kuachana. Kwa magari madogo mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, vitabu vya watengenezaji hutaka jumla ya kati ya sifuri na milimita 2 za kubana, magurudumu yote mawili yakihesabiwa pamoja. Mwenye kitabu cha gari lake na afuate kitabu hicho.

Milimita mbili au tatu huonekana kuwa jambo dogo, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Chukua rimu ya inchi 13, ambayo ukingo wake una upana wa karibu milimita 356 kutoka upande hadi upande. Gurudumu likikosea milimita 2 kati ya ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, limepinda kwa karibu theluthi ya digrii. Gari linakwenda mbele, lakini gurudumu linaelekea pembeni kidogo. Kwa kila kilomita moja tairi huburutwa kwa upande kiasi cha mita 5 na nusu. Kosa likifika digrii moja kamili, mburuto huo hufika mita 17 na nusu kwa kilomita. Mpira wa tairi hulika kwa kusuguliwa hivyo, na petroli inayochomwa ili kuuburuta hulipiwa na mwenye gari.

Kosa la kubana au kuachana huacha alama inayosomeka kwa kiganja. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa kwenda ndani ni laini na kurudi nje kunakwaruza kama msumeno, tairi hilo limekuwa likibana. Ikiwa ni kinyume chake, limekuwa likiachana. Kosa likiendelea, kubana humaliza kingo za nje za matairi yote mawili, na kuachana humaliza kingo za ndani. Tairi lililolika katikati lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili lilikosa upepo. Likilika ukingo mmoja kwa ulaini bila msumeno, na mwenzake akiwa mzima, shaka iende kwenye mwinamo wa gurudumu, jambo tutakalolitaja baadaye.

Ipo imani moja inayopaswa kusahihishwa hapa. Watu wengi, na mafundi wakiwamo, husema gari linalovuta kulia au kushoto lina kasoro ya paralelisimu, kisha huzungusha tairodi ya upande mmoja hadi gari lionekane kutulia. Ukweli ni kwamba magurudumu mawili yanayobana hugawana kosa lao. Yakianza kutembea kila moja huchukua nusu, na gari huenda mbele huku usukani ukiwa umekaa mshazari. Kuvuta hasa hutokana na mambo mengine: tofauti ya upepo, tairi lenye umbo lililoharibika, breki inayoshika upande mmoja, au mkono wa chini uliopinda baada ya kugonga shimo. Jaribio jepesi ni kubadilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, ikiwa si aina yenye mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta upande wa pili, mwenye kosa ni tairi, na hakuna tairodi inayohitaji kuguswa.

Tena barabara zetu zimejengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Burundi na Rwanda magari hupita kulia, kwa hiyo kila gari huelekea kuteleza taratibu upande wa kulia hata likiwa zima. Asiyelijua hilo hurekebisha barabara badala ya gari.

Kilicholegea kwanza

Kupima magurudumu ya gari lenye viungo vilivyolegea ni sawa na kupima nguo juu ya mtoto anayekimbia. Kipimo cha sasa si kipimo cha dakika tano zijazo. Kwa hiyo kazi huanza kwa jeki, si kwa uzi.

Egesha gari mahali palipo tambarare na pagumu, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha inua upande wa mbele na uupumzishe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja. Matofali hayafai, kwa sababu tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Mtu anayeingiza mkono au kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu ameweka uhai wake juu ya sili moja ya mpira.

Gari likitulia juu ya stendi, shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, usawa wa saa tisa na saa tatu kwenye uso wa saa ya ukutani, kisha ulisukume na kulivuta kwa zamu. Mlio wa kugonga au mchezo unaoonekana kwa macho humaanisha kichwa cha tairodi, ambacho wengi wetu hukiita rotula, kimechakaa, au kiungo cha ndani kinachoungana na raki ya usukani. Mtu wa pili achungulie na kuweka kidole juu ya kiungo wakati unapotikisa. Kidole huhisi kilicholegea kabla jicho halijakiona. Kisha shika gurudumu juu na chini, saa kumi na mbili na saa sita, na ufanye vivyo hivyo. Mchezo hapa hutokana na beringi ya gurudumu au rotula ya mkono wa chini. Tazama pia bushi za mkono wa chini: mpira uliopasuka hadi chuma kuonekana huuachia mkono urudi nyuma kila unapokanyaga breki, na gurudumu hubadili mwelekeo nao.

Chochote kilicholegea kibadilishwe kwanza. Rotula ya tairodi hufungwa kwa nati yenye mapengo na pini inayopenyezwa ndani yake. Pini hiyo ikishatolewa isirudishwe, iwekwe mpya. Bei yake ni ndogo mno, na ikikosekana nati inaweza kujifungua yenyewe. Rotula ikitoka mahali pake, gurudumu moja huacha kuutii usukani kabisa.

Baada ya hapo jaza upepo katika matairi yote manne kulingana na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, matairi yakiwa ya baridi. Toa mizigo. Gunia la mchele lililosahauliwa nyuma hubadili kimo cha gari, na kimo kikibadilika pembe za magurudumu nazo hubadilika.

Uzi, bomba mbili na rula

Zipo njia kadhaa za kupima. Ya haraka ni kuchora mstari wa chaki kuzunguka kila tairi na kupima umbali kati ya mistari miwili mbele na nyuma. Hiyo hukupa jumla ya kubana, lakini haikuambii ni gurudumu gani lenye kosa wala usukani utakaaje. Njia ya uzi huchukua muda mrefu zaidi, nayo hueleza yote, pamoja na hali ya ekseli ya nyuma. Kwa maoni ya mwandishi, mtu aliyekwisha kuingia chini ya gari na aifuate hii ya pili.

Tafuta bomba mbili za chuma zilizonyooka, zenye urefu unaozidi upana wa gari kwa sentimita 30 au zaidi. Ziweke pamoja, zipige alama mbili kwa msumeno wa chuma kwa wakati mmoja, ili umbali kati ya alama uwe uleule katika bomba zote mbili. Usahihi wa kazi yote umo katika alama hizo. Bomba moja iwekwe mbele ya gari na nyingine nyuma, juu ya vigoda au ndoo zilizojazwa mchanga, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Funga nyuzi mbili za mwashi kutoka alama hadi alama, moja kila upande wa gari, na uzivute hadi zilie zikiguswa. Kwa kuwa alama zinalingana, nyuzi hizo zitakuwa sambamba.

Sasa nyuzi zilinganishwe na gari. Pima kutoka uzi wa kushoto hadi katikati ya gurudumu la mbele la kushoto, kisha kutoka uzi wa kulia hadi katikati ya gurudumu la mbele la kulia. Sogeza bomba ya mbele kulia au kushoto hadi vipimo viwili viwe sawa. Fanya vivyo hivyo nyuma. Vipimo vya mbele si lazima vilingane na vya nyuma, kwa sababu magari mengi huwa na upana tofauti kidogo kati ya ekseli mbili. Kinachotakiwa ni kushoto kulingana na kulia. Ukirekebisha nyuma, mbele huhama kidogo, hivyo utarudia mara tatu au nne. Mwenye haraka atakosea hapa, na kila kipimo kitakachofuata kitabeba kosa hilo.

Kabla ya kupima magurudumu yenyewe, gari lazima liwe limesimama kwa magurudumu yake na limetulia. Gari lililoshushwa kutoka kwenye jeki hukaa kama mtu aliyevaa viatu vinavyombana: matairi yamejikunja kwa ndani na hayawezi kufunguka kwa sababu ya msuguano wa sakafu. Sukuma gari mbele mita tatu au nne, uliache lisimame lenyewe bila kulirudisha nyuma, kisha bonyeza boneti mara chache ili springi zikae. Wengine huweka chini ya kila gurudumu la mbele vigae viwili vya sakafu vilivyopakwa grisi katikati, na gurudumu hupata uhuru wa kuteleza. Ni njia nzuri, na huokoa kusukuma gari baada ya kila marekebisho, mradi magurudumu ya nyuma yawe yamezuiliwa kwa mawe.

Usukani uwe katikati. Zungusha hadi mwisho wa kushoto, hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, kisha rudi nusu ya hesabu hiyo. Ikiwa mikono ya usukani haikai sawa katika nafasi hiyo, kumbuka jambo hilo. Linaweza kuwa ushahidi kwamba mtu fulani alizungusha tairodi moja bila ya nyingine. Funga usukani kwa kamba usiweze kuhama.

Sasa chukua rula ya chuma na upime kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu, kwa kimo cha katikati. Rimu isiwe na pigo mahali unapopimia. Kipimo cha mbele kikizidi cha nyuma, gurudumu linabana, kikipungua, linaachana. Tuseme gurudumu la kushoto limetoa milimita 86 mbele na 81 nyuma, na la kulia 82 mbele na 82 nyuma. Kushoto kunabana milimita 5, kulia ni sifuri, na jumla ni 5. Gari la namna hii likitembea, magurudumu yatagawana kosa hilo na usukani utalala upande wa kushoto. Tunataka kila upande ubaki na milimita 1 ya kubana. Kushoto kupunguzwe 4 na kulia kuongezwe 1.

Pima na magurudumu ya nyuma pia, ingawa katika Starlet hayana kirekebishio. Ikiwa moja linabana na mwenzake anaachana kwa kiasi kilekile, ekseli nzima imekaa mshazari na gari linatembea kama kaa. Hapo tatizo ni bushi za ekseli, mahali inaposhikiliwa, au ajali ya zamani ambayo muuzaji hakuitaja. Kuzungusha tairodi za mbele ili kuficha hali hiyo ni kujidanganya. Katika magari kama Corolla nyingi za miaka hiyo, mkono mmojawapo wa nyuma unaweza kurefushwa au kufupishwa. Mwenye gari la aina hiyo aanze nyuma, kisha aje mbele.

Kuzungusha tairodi

Kila tairodi imeingia kwa nyuzi za skrubu ndani ya kichwa chake, na nati moja huzuia viwili hivyo visizunguke. Siku moja kabla, safisha sehemu hiyo kwa brashi ya waya na upake mafuta ya kulegeza kutu. Nati iliyokaa miaka 20 na vumbi la barabara haitafunguka kwa hasira. Tumia spana mbili, moja ikishika kichwa cha tairodi na nyingine ikifungua nati, ili nguvu isiende kwenye rotula.

Kabla ya kuzungusha chochote, legeza kibanio kidogo cha mpira wa kuzuia vumbi upande ule unaoikumbatia tairodi. Mpira usipoachiwa, hujisokota pamoja na tairodi na kuchanika baada ya wiki chache. Vumbi na maji huingia kwenye raki, na raki ni ghali kuliko matairi manne. Mwandishi wa mistari hii alijifunza jambo hilo kwa kulipa.

Piga alama ya rangi juu ya tairodi na uhesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana nje ya nati, kila upande, uandike. Kisha tazama mahali tairodi inaposhika gurudumu. Ikiwa ni nyuma ya katikati ya gurudumu, kama ilivyo katika Starlet na magari mengi yenye injini iliyolala kwa mapana, kurefusha tairodi huongeza kubana na kuifupisha hupunguza. Ikiwa ni mbele ya gurudumu, mambo hugeuka. Usitegemee kumbukumbu ya saa au kinyume cha saa, maana ukiwa umelala chali chini ya gari akili hupotea njia kwa urahisi; tegemea kuona nyuzi za skrubu zikiongezeka au kupungua.

Kiasi cha kuzungusha kinaweza kukadiriwa. Skrubu yenye hatua ya milimita 1 na nusu hurefusha tairodi kwa kiasi hicho kwa mzunguko mmoja kamili. Ikiwa mkono unaosukuma gurudumu una urefu wa sentimita 12 na nusu, mzunguko huo huonekana kwenye ukingo wa rimu ya inchi 13 kama milimita 4 na zaidi kidogo. Katika mfano wetu, tairodi ya kushoto ifupishwe kwa karibu mzunguko mmoja, na ya kulia irefushwe kwa robo. Baada ya kila badiliko kaza nati kidogo, tikisa au sukuma gari litulie, hakikisha nyuzi hazikuguswa, upime tena. Mara mbili au tatu hutosha. Mtu anayepata vipimo tofauti kila anaporudia bila kugusa kitu ana kiungo kilicholegea ambacho hakukiona, na arudi kwenye jeki.

Mwishowe linganisha nyuzi za skrubu zinazoonekana kushoto na kulia. Zinapaswa kukaribiana. Upande mmoja ukiwa umetoka nje zaidi kwa milimita nyingi, kuna kitu kimepinda, au usukani uliwahi kutolewa na kurudishwa vibaya. Na kwa hali yoyote tairodi isirefushwe hadi ikabaki imeshika kwa nyuzi chache. Kichwa kinachochomoka njiani ni ajali isiyoweza kuzuiwa kwa breki. Nati ikazwe kwa nguvu huku kichwa kikishikiliwa kisigeuke, kibanio cha mpira kirudishwe, na nati za magurudumu, ikiwa yalitolewa, zikazwe kwa nguvu ya Newton mita 103, ambayo ni kipimo cha kawaida cha Toyota ndogo.

Mwinamo, na kazi isiyo ya nyumbani

Gurudumu likitazamwa kutoka mbele, linaweza kuinama kwa ndani au kwa nje upande wa juu. Mwinamo huo hupimwa kwa timazi ya mwashi inayoning'inizwa mbele ya gurudumu, ukilinganisha umbali hadi ukingo wa juu wa rimu na ukingo wa chini. Kwa rimu ya inchi 13, tofauti ya milimita 6 ni karibu digrii moja. Hapa sakafu isiyo sawa hudanganya sana, ingawa kwa kipimo cha uzi haina madhara makubwa. Mpira mwembamba wenye maji, ule ule wanaoutumia waashi kupata usawa wa msingi, utakuonyesha kama magurudumu ya kushoto na ya kulia yamesimama kimo kimoja. Tambarare ya Bujumbura humsaidia mpimaji kuliko milima ya Kayanza.

Katika Starlet mwinamo haurekebishwi kwa skrubu yoyote. Unapimwa ili kujua. Kushoto na kulia zikitofautiana kwa zaidi ya nusu digrii au hivi, shaka iangukie shokapu iliyopinda, mkono wa chini uliopinda, au bodi iliyosogea baada ya ajali, na huo ni wakati wa kwenda kwa fundi mwenye mashine na kumwonyesha vipimo ulivyoandika. Vivyo hivyo kwa mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona, ule unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe: kuupima nyumbani kwa uhakika ni vigumu, na usukani usiorudi, au unaorudi upande mmoja tu, ni dalili ya kutosha kutafuta msaada.

Jaribio la kwanza lifanyike polepole, mahali pasipo na watu, kwa kona za pande zote mbili na breki za nguvu mara kadhaa. Kisha simama, ingia chini tena kwa stendi, ushike kila nati uliyoifungua. Usukani ukilala kidogo upande mmoja ilhali jumla ya kipimo ni sahihi, refusha tairodi moja na ufupishe nyingine kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kwa kuanzia, jumla haitabadilika. Baada ya kilomita 500 pitisha tena kiganja juu ya meno ya matairi. Msumeno wa zamani hauwezi kutoweka kwa siku moja, lakini haupaswi kuwa mkali zaidi ya ulivyokuwa, na upande wa ndani wa tairi, ule ambao dereva haoni, utazamwe kwa tochi kabla gari halijaanza kupanda tena kuelekea Bugarama.